Mstari Mmoja Kabla

Jumatano tulisoma habari ya nyoka na nge
katika kanisa letu la Usinge,
bati likipokea mvua ya kwanza,
na Mwinjilisti Mihayo akapiga kiatu sakafuni:
Mmepewa! Mmepewa! Kanyageni!
Nasi tukakanyaga. Vumbi la saruji mbovu
likatufika magotini,
Mama Kasanda akapoteza kandambili moja.
Mimi Kapela, mzee wa kanisa,
mtunza funguo na daftari la sadaka,
nilikanyaga kuliko wote.

Ijumaa, ndani ya bani,
nikishusha fito za tumbaku iliyokauka,
moma alikuwa amelala kwenye jivu la joto
kama kamba iliyosahauliwa.
Nilimwona. Hili sijamwambia mtu.
Nilimwona kabla ya kuinua mguu.
Nikatamka maneno kwa sauti ya Mihayo,
nikashusha kisigino.

Moma hakuhudhuria Jumatano.

Kaliua, nesi Tausi, ushungi mweupe,
hakuniuliza nimepewa nini.
Aliuliza: Jina?
Kalamu ikakwama. Akaipulizia, akaandika upya,
herufi moja moja, mpaka nikawemo.
Kisha ndiyo akachoma sindano.

Usiku wa pili, mguu mweusi
kama gogo la mninga lililopitiwa na moto,
mpwa wangu Shija akaleta uji na habari:
vijana wa kwaya wameshajua nani alimtuma nyoka.
Bibi Nyamizi, wa nyumba ya mwisho njia ya msituni.
Si unayaona macho yake mekundu?
Kesho, baada ya maombi, wanakwenda kukanyaga.

Macho mekundu!
Miaka arobaini amepuliza kuni mbichi,
amechochea mabani ya watu, langu likiwemo,
na msimu uliopita sikumlipa.
Hilo limo katika daftari langu jingine.

Nikaazima Biblia ya mgonjwa wa kitanda cha pili,
nikasoma kidole kikiwa chini ya neno,
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Wale sabini wanarudi wakirukaruka: pepo wametutii!
Naye anawajibu kama mzazi
anayemtoa mtoto kisu mkononi polepole:
nguvu mnayo, lakini isiwe ndiyo furaha yenu.
Furahieni kuandikwa.
Nani alitufundisha kufunga kitabu kwenye nge,
mstari mmoja kabla?

Sikuelewa yote. Hata leo sielewi
adui aangukeje kama radi
na nyasi zinazowaka ziwe zetu.
Ila nyoka alikuwa nyoka tu,
alisikia baridi, akataka jivu.
Yule mwingine hakulala banini.
Aliingia nasi kanisani Jumatano,
akapiga miguu kwa mdundo wetu,
akaimba sauti ya tatu, vizuri mno.

Alfajiri nikatoroka wodini.
Tausi alinikuta langoni, akanigombeza,
akanipa mkongojo wa mtu aliyekufa.

Nikaketi kizingitini pa Bibi Nyamizi,
mguu nimeunyoosha njiani kama mti ulioanguka.
Yeye ndani anakohoa. Hafungui. Ananijua.

Wakaja, ishirini na kitu, Mihayo mbele,
petroli kwenye chupa ya soda.
Nilikuwa nimepanga hotuba; haikutoka.
Nilitaja jina lake lote,
Nyamizi binti Mpagama,
nikalirudia, kama aandikaye kwa kalamu inayokwama.
Nikasema: huyu ananidai elfu thelathini na sita,
asife kabla sijamlipa.

Nyuma kabisa mtu akacheka.
Hayo ndiyo mamlaka yote niliyopewa siku ile:
kicheko cha mtu mmoja,
mguu unaonuka,
na mvua iliyoanza kudondoka.

Hawakutubu. Wengi waliikimbia mvua.
Mihayo aliondoka bila kuniangalia.
Shija alibaki na chupa,
hajui aiweke wapi.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Jicho moja, jekundu, likanipima
kutoka kichwani hadi kwenye bandeji.

Hela umekuja nayo?